Pedali Nzito ya Klachi: Wiki Tatu na Land Rover 109 ya Baba

Mama yangu alijifunza udereva kwenye Land Rover 109 ya marehemu baba, akaliendesha kwa zaidi ya miaka thelathini kati ya nyumbani kwetu Uyole na shamba letu la viazi upande wa Ntokela. Mwezi Juni mwaka jana alinikabidhi ufunguo akaniambia, "Mwanangu, hili gari sasa limenishinda. Si usukani, ni klachi. Goti langu halikubali tena." Mama hana mazoea ya kulalamika, kwa hiyo jioni ile ile nilipanda kwenye kiti cha dereva, nikakanyaga pedali ya kushoto, nikaona aibu kwamba jambo lile lilikuwa limefikia pale bila mimi kuuliza. Ilikuwa pedali ya kukanyagwa kwa uzito wa mwili, na mtu aliyelazimika kuikanyaga mara mia katika safari moja ya mlimani alikuwa na umri wa miaka sitini na nane.

Gari lenyewe ni Series III ya mwaka 1978. Aina hiyo ilitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na tarakimu 109 ni umbali wa inchi kati ya ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma, yaani karibu mita 2.77. Injini yake ni ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Klachi yake haivutwi kwa waya bali husukumwa kwa mafuta: mguu husukuma pedali, pedali husukuma pistoni ya masta ya juu (silinda inayosukuma mafuta), mafuta hupita kwenye bomba jembamba la chuma na kisha kwenye hosi fupi ya mpira, huisukuma pistoni ya masta ya chini (silinda inayopokea msukumo huo) iliyofungwa ubavuni mwa nyumba ya klachi, na pistoni hiyo huusukuma uma unaoipeleka beringi ya klachi hadi kwenye vidole vya presha pleti, sahani inayoibana diski ya klachi kwenye gurudumu zito la injini. Nimeiandika njia hiyo yote kwa pumzi moja kwa makusudi, kwa sababu uzito anaousikia dereva mguuni ni jumla ya ukinzani wa kila kituo kilichomo njiani humo. Hakuna kituo kimoja kinachoitwa "klachi nzito". Vipo vituo saba au vinane, na kila kimoja kinaweza kuongeza kilo zake kidogo kidogo kwa miaka, hadi siku moja mama anakabidhi ufunguo.

Dalili zilikuwa tatu, na nilizipuuza mbili za kwanza kwa muda mrefu. Pedali ilikuwa nzito tangu mwanzo wa mwendo wake, kabla hata beringi haijagusa vidole vya presha pleti, mahali ambapo kwa kawaida mguu unapaswa kushuka kwa wepesi. Pia ilikuwa nzito zaidi asubuhi, hasa katika baridi ya Juni na Julai, wakati Uyole huamka na umande mkali na mikono haitaki kushika chuma. Ikifika saa sita mchana ilikuwa imelegea kidogo. Dalili ya tatu ndiyo iliyomtisha kila mtu: ukiuachilia mguu baada ya kubadilisha gia, injini ilipiga kelele kwa muda wa sekunde moja hivi bila gari kuvuta, halafu klachi ikashika ghafla na gari likaruka. Tukiwa na mzigo wa viazi kwenye mlima baada ya Igawilo, sekunde ile moja ilikuwa ndefu mno.

Nililipeleka gari kwenye gereji moja mjini. Fundi alikanyaga pedali mara mbili, akaliendesha kama mita mia tatu, akarudi na jibu: klachi imeisha, presha pleti imekufa, tushushe giaboksi. Kwa mtu asiyelijua gari hili, neno "kushusha" linapotosha. Katika Land Rover za zamani giaboksi haishuki chini. Hutolewa ndani ya kabini. Ni lazima kwanza kung'oa mabamba ya sakafu, kifuniko cha katikati, na kasha lote la chini ya viti, na kila bolti kati ya hizo imekaa katika tope na kutu kwa miaka arobaini na zaidi. Baada ya hapo giaboksi pamoja na transifa yake (giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma), mzigo ambao watu wawili wenye nguvu hawaunyanyui kwa usalama bila mnyororo na jeki, hupitishwa mlangoni. Ni kazi ya siku mbili kwa fundi mzuri, na bolti zinazokatika njiani ni gharama nyingine.

Fundi yule hakuwa akinidanganya. Ni kweli kabisa kwamba klachi iliyochakaa inaweza kuifanya pedali iwe nzito. Presha pleti ya Series III inatumia springi moja ya umbo la sahani, yaani diaframu, na si springi nyingi za mzunguko kama klachi za kale. Diski inaposagika na kuwa nyembamba, diaframu hukaa katika mkao tofauti na ule iliyoundiwa, vidole vyake husogea kuielekea beringi, na nguvu ya kuvisukuma huongezeka. Kwa hiyo mtu anayesema "pedali nzito, basi diski imekwisha" ana hoja. Lakini diski iliyokwisha huteleza pia gari likiwa katika mzigo, mguu ukiwa mbali na pedali. Hilo nililijaribu mwenyewe: nikapanda mlima katika gia ya nne kwa mwendo mdogo, nikakanyaga mafuta hadi mwisho, nikausikiliza mngurumo. Kama klachi ingekuwa inateleza, injini ingekimbia peke yake na gari lingebaki nyuma. Haikukimbia. Ilihema tu na kuvuta polepole, kama injini ile inavyofanya siku zote. Klachi iliyoteleza sekunde moja tu baada ya mguu kutoka, kisha ikashika kama jiwe, ilikuwa inaniambia kwamba diski ni nzima, ila kuna kitu kinachoizuia isirudi upesi mahali pake.

Nikamshukuru fundi, nikamlipa kwa muda wake, nikarudi nyumbani na gari.

Jambo la kwanza nililolifanya ni kutafuta namna ya kupima. Mguu ni kipimo kibaya, kwa sababu mguu uliochoka husema uongo, na mguu wenye matumaini husema uongo mkubwa zaidi. Nyumbani tuna mizani ya kuning'iniza, ile yenye kulabu na uso wa saa, tunayoitumia kupimia viazi wakati wa kuuza. Niliegesha gari mahali tambarare, nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, nikang'oa bamba la sakafu la upande wa dereva, nikafunga kamba kwenye pedali, kisha nikalala chini ya gari na kuivuta kamba kwa mizani hiyo, polepole, nikisoma namba pale pedali ilipofika katikati ya mwendo wake. Nilifanya hivyo mara tano asubuhi kabla ya jua kupanda, na mara zote mshale ulisimama karibu na kilo 24. Niliiandika namba hiyo kwa chaki kwenye ukuta wa banda. Kila nilichokifanya baadaye nilikipima kwa mizani ile ile, saa ile ile ya asubuhi, na kwa mwendo ule ule wa mkono, kwa sababu mafuta yanayopita mahali pembamba hukaza zaidi yakisukumwa haraka.

Kisha nikaanza kuvitenganisha vituo. Nilichomoa springi ya kurudishia pedali, nikaitenga pedali na fimbo inayosukuma pistoni ya masta ya juu, ili pedali ibaki peke yake ikining'inia kwenye shafti yake. Pedali ya namna hiyo inapaswa kubembea kwa ncha ya kidole. Yetu haikubembea, ilibaki pale nilipoiacha, na mizani ilisoma kilo nne kuisogeza tu. Kilo nne ambazo hazikufanya kazi yoyote ya klachi, ambazo mama alikuwa akizilipa kila alipobadilisha gia. Pale pale nilielewa pia dalili ya asubuhi: grisi ya kale iliyokauka na kuchanganyika na vumbi huwa kama lami wakati wa baridi, na hulainika jua likipanda.

Njia hii ya kutenganisha vituo sikuibuni. Niliisoma kwanza kwa watu wanaotunza magari ya Marekani ya miaka ya 1960, yale yenye injini kubwa za silinda nane, kama Ford Mustang, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, na Chevrolet Camaro ya modeli ya 1967. Magari hayo mengi hayakuwa na mafuta kwenye klachi hata kidogo. Yalitumia fimbo za chuma pamoja na mtaimbo uliopinda unaokaa kati ya fremu na injini, ambao wenyewe huuita kwa herufi Z kwa sababu ya umbo lake. Kila kiungo cha fimbo hizo kina bushi, na bushi zikikauka au kulika, pedali huwa nzito kama gogo. Kwenye Mustang kuna pia springi kubwa chini ya dashibodi iliyowekwa kumsaidia dereva: pedali ikivuka nusu ya mwendo, springi ile huacha kuizuia na kuanza kuisukuma chini. Ilipangwa kwa presha pleti nzito ya springi za mzunguko, na mtu akifunga presha pleti ya diaframu huku akiiacha springi ile pale pale, pedali inaweza kubaki sakafuni isirudi. Land Rover yetu haina msaada wa namna hiyo. Lakini wenye magari yale wanaulizana swali moja kabla ya kufungua giaboksi, nami nililichukua swali hilo kama lilivyo: je, pedali peke yake ina uzito gani?

Kasha la pedali la Series III limefungwa kwa bolti kwenye ukuta unaotenga injini na kabini, na masta ya juu imo ndani yake. Nilifyonza mafuta kwenye kikopo chake, nikafungua bomba, nikalitoa kasha lote na kuliweka mezani. Shafti ya pedali iligoma. Niliilowesha kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku mzima, na asubuhi nikaigonga kwa kipande cha shaba ili nisiuharibu mwisho wake. Ilipotoka ilikuwa na mkanda wa kutu upande mmoja na alama ya kulika upande wa pili, na bushi zake zilikuwa zimekauka kabisa, tundu lake si duara tena. Maji yalikuwa yameingia kwa miaka mingi. Mtu yeyote aliyeendesha gari hili katika mvua za Rungwe anajua kwamba vile vifuniko viwili vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele havizibi vizuri raba zake zikizeeka, na maji hutiririka ndani ya ukuta hadi miguuni. Nilipeleka pedali na shafti kwa fundi mchonga vyuma eneo la Sido, akanichongea bushi mbili za bronzi na kuzilainisha hadi shafti, niliyoipiga msasa laini na kuisafisha kwa mafuta ya taa, ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Nikaipaka grisi, nikairudisha, na nilipoiachia pedali ilibembea mara tatu kabla ya kutulia. Sijawahi kufurahia kubembea kwa kipande cha chuma kiasi hicho.

Nikaunganisha kila kitu kama kilivyokuwa, nikapima: kilo 19. Zile nne za shafti zilikuwa zimekwenda, na nyingine moja pamoja nazo. Hata hivyo klachi bado ilichelewa kushika, kwa hiyo ugonjwa mkubwa ulikuwa bado uko kwenye mafuta.

Hapa nilitumia jaribio ambalo ningependa kila mwenye gari la klachi ya mafuta alijue. Kwenye masta ya chini kuna nati ndogo ya kutolea upepo. Ukiifungua na kuvika mpira mwembamba unaoishia kwenye chupa, pedali haisukumi tena klachi. Inasukuma mafuta tu kwenda chupani, nayo inapaswa kushuka karibu bila upinzani. Yetu ilisoma kilo saba. Nikaifunga nati hiyo, nikalegeza kiungo cha juu zaidi, pale ambapo bomba la chuma hukutana na hosi, nikaweka kopo chini yake, nikavuta tena: kilo nne. Maana yake ilikuwa wazi. Kilo tatu zilikuwa zinaliwa na hosi yenyewe, kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kiganja na kidole, na zilizobaki nyingi zilikuwa ndani ya masta ya juu.

Mafuta yaliyotoka ndiyo yaliyonieleza kwa nini. Hayakuwa na rangi ya asali kama mafuta ya breki; yalikuwa mekundu yaliyofifia, mazito kidogo, na yaliteleza kati ya vidole kama mafuta ya injini. Nilichukua glasi mbili za maji. Katika moja nilidondosha mafuta mapya ya breki kutoka kwenye chupa iliyokuwa haijafunguliwa, yakachanganyika na maji na kupotea. Katika nyingine nilidondosha yale ya kwenye gari, na sehemu yake kubwa ikaelea juu kama mafuta ya kupikia. Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3 na DOT 4 huchanganyika na maji. Mafuta ya kulainishia yanayotokana na mafuta ghafi hayachanganyiki. Nikakumbuka kwamba miaka miwili kabla, tukiwa safarini, tuliomba kuongezewa mafuta ya klachi kwenye gereji ya barabarani, na kijana alitumia alichokuwa nacho mkononi. Nadhani yalikuwa ya usukani au ya giaboksi ya otomatiki, kwa sababu hayo ndiyo huwa mekundu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nikilipa, na sikuitazama chupa.

Raba za mfumo wa breki na klachi zimetengenezwa ziishi ndani ya mafuta ya breki. Zikikutana na mafuta yanayotokana na mafuta ghafi huvimba. Nilipoifungua masta ya juu, vikombe vya mpira vya pistoni vilikuwa vimenenepa hadi vikabana ukuta wa silinda. Nilivitoa kwa nguvu na nilipovipanga mezani havikurudi kwenye umbo lake. Kikombe kilichovimba hufanya mambo mawili mabaya kwa pamoja: husugua ukuta wa silinda kila pedali inapokwenda na kurudi, na huweza kuziba kitundu kidogo kinachoyaruhusu mafuta kurudi kwenye kikopo mguu unapotoka. Kitundu kikizibwa, shinikizo hubaki limenaswa kwenye bomba.

Hosi ilikuwa mbaya zaidi. Kwa nje ilionekana nzima, nyeusi na safi, na fundi yeyote angeipita. Niliipasua kwa kisu kwa urefu wake. Ndani, njia ya mafuta ilikuwa imebaki nyembamba kiasi kwamba hata njiti ya kiberiti haikuingia, na katikati ngozi ya ndani ya mpira ilikuwa imechanika na kufanya ulimi mdogo. Mguu wa dereva, kwa nguvu zake zote, uliweza kuyalazimisha mafuta yapite ulimi ule kuelekea chini, lakini yalipotaka kurudi juu yalikuwa na nguvu ya springi ya klachi peke yake, nayo njia ile nyembamba iliyabana. Basi yakarudi kwa kuchuruzika, klachi ikashika kwa kuchelewa, injini ikapiga kelele, na sote tukasema diski imeisha. Nilikipeleka kipande kile kwa fundi aliyenishauri kushusha giaboksi, kwa heshima, si kwa kumsuta. Alikitazama kwa muda mrefu, akakiomba, na mara ya mwisho nilipopita kwake kilikuwa kimening'inizwa ukutani karibu na spana zake, na kijana anayejifunza kazi pale aliweza kunieleza kilichokiua.

Vipuri vilitoka Kariakoo, vikapakiwa kwenye basi la usiku: hosi mpya, seti ya raba za masta ya juu, na masta ya chini nzima. Kuhusu hili la mwisho sikutaka kubana matumizi. Unyevu unaoingia kwenye mafuta huharibu zaidi sehemu ya chini ya mfumo, na ukuta wa silinda ya masta yetu ya chini ulikuwa na vishimo vya kutu ambavyo ukucha ulivikwama. Raba mpya juu ya ukuta wa namna hiyo haimalizi msimu mmoja. Masta ya juu ilikuwa laini kama kioo ndani, kwa hiyo kuibadilishia raba kulitosha. Kwa hosi ninashauri kuitazama kwa makini hata ikiwa mpya, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Ikiwa na nyufa ndogo unapoikunja, irudishwe.

Kabla ya kufunga chochote nilisafisha bomba lote la chuma kwa spiriti, nikaipitisha mara tatu na kuipuliza kwa pampu hadi ikatoka safi na bomba likakauka. Kazi hii haina raha yoyote na ndiyo inayorukwa, lakini tone la mafuta yale mekundu likibaki, raba mpya zinaanza kuvimba siku hiyo hiyo. Vikombe vipya nilivilowesha kwa mafuta ya breki, si kwa grisi, kisha nikavisukuma ndani kwa vidole bila bisibisi.

Kutoa upepo tulikufanya na mpwa wangu aliyekuwa likizo. Yeye alikaa juu, mimi chini; nikisema "kanyaga" anashusha pedali na kuishikilia, ninafungua nati, mafuta na mapovu yanatoka chupani, ninafunga, ninasema "achia". Kila baada ya mara nne tuliongeza mafuta kwenye kikopo, kwa sababu kikikauka hewa huingia na kazi huanza upya. Tulitumia DOT 4 kutoka chupa mpya. Chupa iliyokaa wazi tangu mwaka juzi niliimwaga, kwa kuwa mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa: DOT 4 ikiwa kavu haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 155, na maji hayo ndiyo yanayochimba vishimo vya kutu. Rangi ya gari nayo huliwa na mafuta haya, kwa hiyo weka ndoo ya maji karibu, umwagie mara moja popote yanapodondoka.

Kilichobaki ni nafasi ya fimbo. Kati ya ncha ya fimbo ya pedali na pistoni ya masta ya juu lazima pawepo uwazi mdogo, kama milimita moja na nusu, ili pistoni irudi hadi mwisho na kukifungua kile kitundu cha kurudishia mafuta. Aliyelifunga gari hili zamani alikuwa ameikaza fimbo hadi ikagusa, labda akitaka klachi ishike juu zaidi. Nililegeza nati zake mbili, nikaweka uwazi, nikakaza, nikahakikisha kwa kidole kwamba pedali inatikisika kidogo kabla ya kuanza kazi. Ukiwa na gari lililofungwa vizuri kila mahali lakini fimbo imekazwa, shinikizo hunaswa vile vile na utaanza kuilaumu hosi mpya.

Niongeze jambo ambalo halikuwa letu lakini nimelikuta kwa jirani. Alinunua masta ya juu iliyoonekana sawa, bolti zikakubali, bomba likakubali, na pedali ikawa nzito kuliko ilivyokuwa na ile mbovu. Tulipopima, pistoni ya zamani ilikuwa na kipenyo cha robo tatu ya inchi na ya mpya ilikuwa na sehemu saba kati ya nane za inchi. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini nguvu inayotakiwa huenda kwa eneo la pistoni, na eneo huenda kwa kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. Ukipiga hesabu utakuta pedali imeongezeka uzito kwa asilimia 36. Namba ya kipenyo mara nyingi huwa imechongwa kwenye mwili wa masta. Isome kabla ya kulipa.

Asubuhi ya mwisho nilitandika gunia chini ya gari, nikalala, nikavuta mizani. Kilo 13. Nikavuta tena mara nne nikiogopa kwamba nimekosea kusoma, na ilibaki 13. Gari hili halikuumbwa liwe na klachi ya gari dogo la mjini na sitarajii hivyo, lakini kutoka 24 hadi 13, bila kuigusa bolti hata moja ya giaboksi, kulinifanya nibaki nimelala pale chini kwa muda.

Mama alilijaribu siku ya Jumamosi. Alikanyaga klachi mara mbili gari likiwa limezimwa, akanitazama bila kusema kitu, akawasha. Tulipanda Igawilo tukiwa na mbolea nyuma, akabadilisha kutoka gia ya tatu kwenda ya pili kwenye kona ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuiogopa, na klachi ikashika pale mguu wake ulipotoka. Tulifika Ntokela ukungu ukiwa bado umelala juu ya viazi. Jioni, tuliporudi, ufunguo uliingia kwenye mkoba wake.

Tangu hapo imepita miezi minane. Kila mwisho wa mwezi hufungua kikopo cha klachi: mafuta bado yana rangi ya asali na hayajashuka hata kidogo. Ninasikia mlio mwembamba mguu unapogusa pedali, ambao nadhani ni beringi ya klachi ikizeeka, na siku itakapoanza kupiga kelele kweli, giaboksi itatoka, na diski na presha pleti zitabadilishwa siku hiyo hiyo. Chupa ya DOT 4 sasa inakaa chini ya kiti cha dereva, imefungwa kwa mfuko wa nailoni, na mama amekwishaniambia kwamba popote tutakapoongezewa mafuta, yeye ndiye atakayeitoa.